Nyasi za Kitanda cha Baba

Vita vilipomshusha baba kutoka mlimani kwao, alikuja na fimbo tu. Macho yake yalikuwa yameshapofuka. Nilimpokea katika chumba nilichopanga mjini, mtaa wa Buterere, jirani na mashamba ya mpunga, na maradhi yakamfuata humo humo. Alikataa godoro langu. Alitaka kulala juu ya ishinge, nyasi za malishoni kwao ambazo wazee hutandika chini ya mkeka. Hakuomba kingine chochote.

Mimi nililelewa mjini kwa shangazi, na kwangu nyasi zote zilikuwa chakula cha ng'ombe. Nilifyeka zilizoota kando ya mfereji, nikampelekea fungu. Akalipapasa chini, penye shina.

"Apana, mama," akasema, maana ndivyo alivyozoea kuniita. "Hii imeota juzi, jua likikuja itakufa. Ishinge haifi, inalalaka tu, kisha inaamuka."

Nilikasirika. Maharage yenyewe tulikuwa tunayapata kwa taabu, na yeye anachagua majani! Hata hivyo nilimsihi mama mmoja muuza makaa, aliyekuwa bado akithubutu kushuka kutoka upande ule wa mlimani kwa baba na kupita vizuizi vya askari. Zilipita wiki mbili bila kumwona, nikaanza kujilaumu. Kisha akatokea na mzigo kichwani.

"Ni yenyewe, dada. Nimeikata pale juu ya kwenu."

Nilipoufungua nikaona uchafu. Kila shina lilikuwa limevaa majani makavu ya kahawia, mengine yameanza kuoza. Sikutaka mzazi wangu alalie takataka. Nilikaa uani asubuhi nzima nikiyabandua majani hayo shina kwa shina, nikaosha nyasi, nikazianika. Zilipendeza, na sioni haya kusema kwamba nilijivuna.

Baba alipapasa penye shina. Akapapasa tena, polepole, vidole vikitafuta kitu visichokipata.

"Hata hii si yenyewe," akasema. Kisha akaongeza: "Tandika tu, mama. Umechoka sana."

Alizilalia siku nne, akafariki.

Muuza makaa alikuja kutupa pole. Kabla hajaketi aliona rundo la majani makavu pembeni mwa ukuta, akainama na kuokota machache.

"Nani alitoa hizi kwenye shina? Ni nguo za ishinge, za mwaka jana. Ukizigusa hapa chini ndiyo unajua ni ishinge. Zile zinaota na kufa mwaka mumoja hazina."

Yule mama alikuwa amehatarisha maisha yake, na baba alikuwa amepata alichokiomba. Alilala siku nne juu ya nyasi za kwao, akafa akidhani ni za ugenini, kwa sababu mimi nilizisafisha.