Vigae Vyetu Vimeandikwa kuwa vya Wagiriki wa Kale

Mhariri wa ukurasa huu, jina langu lifiche na kijiji changu usikitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, Mwislamu. Mume wangu ni seremala kwenye ujenzi wa bandari hapa Mtwara, na tuna binti mmoja wa miaka kumi na miwili. Nilisoma hadi darasa la nne nikatoka na mwandiko mzuri, na huo mwandiko ndio ulioniponza.

Mwaka juzi, nikiwa bado kwetu upande wa Mahurunga, alikuja msichana wa Kizungu kutoka chuo kimoja cha Ulaya. Tulimwita Misi. Alikuwa anasomea udaktari, lakini si ule wa sindano. Ni shahada ya juu kabisa ya historia, na yeye alishughulika na Wagiriki na Warumi wa kale. Wagiriki niliowajua mimi ni wale wa mashamba ya mkonge, nikashangaa mtu asafiri wiki kadhaa baharini kuja kuwatafuta babu zao kwenye mihogo yetu. Alinieleza, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kwamba Wagiriki wa zamani waliandika habari za soko la mwisho la pwani hii, na yeye aliamini lilikuwa jirani na mdomo wa Ruvuma. Akilithibitisha, shahada ni yake. Nilimpenda. Alikula ugali wa muhogo na kisamvu bila kukunja uso.

Akaniajiri kuosha vigae vya vyungu alivyofukua na kuviandika namba. Siku za mwanzo hakupata cha maana. Kisha siku moja alirudi ana udongo mpaka kwenye nyusi, amebeba kikapu, anacheka peke yake. Nilimuuliza amechimba wapi. Alipoonyesha kichaka kilicho nyuma ya mashamba, nilikiweka chini kigae nilichokuwa ninakiosha.

Niseme nini bila kusema? Kichaka kile ni cha wanawake. Mwali wa kwetu akichezwa unyago, kuna chungu chake, na chungu hicho huvunjwa na kuzikwa pale. Kwa nini, na kwa maneno gani, hilo sitaliandika hata kwenye ukurasa unaoficha majina. Haya niliyosema tayari yanatosha nisisalimiwe kijijini. Wanaume hawafiki pale, kwa hiyo Misi alipowauliza walisema hawajui, na walisema kweli. Wanawake nao walisema hawajui, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kumjibu asiyechezwa. Misi akaandika kwenye daftari lake kwamba wenyeji hawana kumbukumbu yoyote, na akafurahi zaidi.

Nikaviosha. Ndani ya kikapu kile nikakutana na kigae cha chungu changu mwenyewe. Nilikijua kwa mistari niliyoichora kwa ukucha nilipokuwa mwali, mmoja umepinda kwa sababu nilipiga chafya. Misi alikishika kama anashika yai, akasema mistari ya namna ile ameiona kwenye mitungi ya Warumi. Nami nikakiandika namba. Nilijiambia kwamba kwao wako wasomi wakubwa kuliko yeye, watagundua wenyewe.

Hawakugundua. Mwezi uliopita imekuja barua. Ameshamaliza kuandika kazi ya shahada yake, na kigae changu kimechorwa mwanzoni kabisa, kimepewa umri wa karibu miaka elfu mbili. Walimu wake wamependezwa, ila mmoja anataka mwenyeji anayejua kusoma athibitishe kwamba mahali pale hapajatumiwa na watu wa siku hizi. Karatasi ameileta, inangoja sahihi yangu. Chini yake ameongeza kwa mkono, "Dada, huko ninakuamini wewe peke yako." Nililia jikoni, mume wangu akadhani ni moshi.

Nikafunga safari hadi kijijini kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye kungwi wetu. Nilimwomba ruhusa nimwambie Misi ukweli, maana siku ukijulikana ataaibishwa mbele ya wasomi wenzake na kazi yake yote itatupwa. Alinisikiliza huku anamenya muhogo.

"Mwanangu, sisi hatumnyimi mtu," alisema. "Mlete achezwe na wenzake, atajua yote."

Nikamwambia Misi yuko ng'ambo, ni mtu mzima, na karatasi inatakiwa kabla ya mtihani wake. Akajibu kwamba basi hajawa tayari kujua. Kisha akamuulizia binti yangu, ambaye ataingia unyago baada ya mavuno haya. Kwa upole kabisa alinikumbusha kuwa mama aliyetoa maneno nje hawezi kumleta mwali ndani. Na kwetu binti asiyechezwa haitwi kwenye jambo lolote la wanawake. "Hata siku ukifa," alisema, "hataingia kukuosha."

Tangu hapo situlii. Nikipika naunguza. Naanza kufagia, naacha ufagio mlangoni, narudi kuitazama karatasi. Mume wangu, ambaye nimemweleza nusu tu, anasema nitie sahihi yaishe, Wazungu wameandika uongo mwingi juu yetu na mmoja zaidi hautaua mtu. Labda ni kweli. Lakini huu nitakuwa nimeuandika mimi, na atakayeumia ni mtu aliyeniita dada. Nina hasira naye pia, kwa nini hakuchimba kwingine.

Juzi nilitia sahihi. Jana nikachukua karatasi nyingine nikaanza kumwandikia ukweli, nikafika kwenye neno "kichaka" kalamu ikakataa. Zote mbili ziko chini ya godoro, meli ya barua inaondoka mwisho wa mwezi, na binti yangu ananiuliza kila asubuhi zimebaki wiki ngapi aingie ndani. Ndugu wasomaji, hasa kina mama mliochezwa, nishaurini, nitume ipi?