Kuondoka Macho Wazi

Mtoto wangu alikuwa mapajani mwangu karibu na moto, nami nilikuwa napuliza uji wake upoe. Papo hapo nikamwona mikononi mwa mama mkwe wangu, kiganja kimebabuka, amelia mpaka sauti imemkauka. Katikati hapakupita kitu. Kwangu ilikuwa pumzi moja tu.

"Uliendaka tena," mama mkwe aliniambia. "Mutoto aligusa jiwe ya moto, analia, na weye unamuangalia tu."

Hilo ndilo lililonitia hofu. Kuzimia ningeelewa. Lakini nilikuwa nimekaa wima, macho wazi, nikimtazama mwanangu akiungua, na aliyekuwa akitazama sikuwa mimi.

Tangu siku hiyo mama mkwe alimchukua mtoto. Alimleta wakati wa kunyonya, akasimama kando yangu, kisha akaondoka naye. Nilimwambia mbele ya watu kwamba ananikamua kama mbuzi. Mume wangu, ambaye mbele ya mama yake hana mdomo, alitazama miguu yake.

Mama mkwe si mtu mbaya. Hapa kwetu Itebero anaimbisha kwaya kanisani, lakini mambo ya wazee hajayatupa. Katika ukoo wao, mtu anayeitwa na kitu cha msituni hurudishwa mahali kilipomwitia, saa ileile, akatembezwa huku na huko mpaka kimwachie. Mimi nilikuwa nikiondoka zaidi kwenye njia ya shambani, pale miti mirefu inaposimama karibu karibu na jua la asubuhi likipenya kati ya mashina. Basi kila asubuhi alinishika mkono tukapita pale mbiombio, naye akinikataza kufumba macho. Nilikuwa naiona miti ya kwanza, kisha najikuta tumefika mwisho wa njia, naye ananiombea kwa sauti. Hali ilizidi kuwa mbaya. Yeye alifurahi, akisema kitu kinapigana kwa sababu kinakaribia kushindwa.

Mume wangu alisikia kwamba daktari wa ubongo amefika Masisi kwa muda mfupi na mashine yake. Tulikwenda kwa pikipiki, na kwa miguu pale barabara ilipokatika, tukalala kwa ndugu zetu Lushebere. Mama mkwe alikuja pia, mtoto mgongoni mwake.

Daktari alinipaka kichwani kitu cha kunata kama uji, akanivalisha kofia ya nyaya. Kwenye kompyuta ikaanza kukimbia mistari midogo, imevurugika. Niliogopa kwamba ataona ninavyomchukia mama mkwe, nikamuuliza kama inasoma mawazo.

"Haisomi mawazo, Mama," alicheka. "Inasikiliza umeme mudogo wa ubongo tu. Funga macho."

Nilifumba. Nilipofumbua alinionyesha: kwa muda ule macho yalipokuwa yamefumbwa, mistari ya nyuma ya kichwa ilikuwa imetulia, inapanda na kushuka sawasawa. Sehemu ya kuonea, alisema, ikikosa cha kutazama inajipigia mdundo wake. Nilisisimka mwili. Ndani yangu kulikuwa na ngoma ambayo sikuwahi kuisikia.

Kisha akaweka mbele yangu taa ya kuwakawaka. Niliona taa. Halafu taa ilikuwa imezimwa, na mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Daktari aliirudisha picha nyuma. Mistari yote, ya mbele na ya nyuma, kushoto na kulia, ilikuwa milima mikubwa inayopanda pamoja na kushuka pamoja, tena na tena.

"Hapa njo weye hukukuwa, Mama," aliniambia. "Ubongo yenye iko inafanya kazi ni kama watu nje ya kanisa, kila muntu na habari yake. Hapa wote wanapiga makofi pamoja. Hakuna tena mwenye anaongea."

Nilikuwa nimejiandaa kuona utupu, mstari ulionyooka. Kumbe nisipokuwepo, kichwani mwangu ndipo kunakuwa na makelele makubwa kuliko wakati wowote. Nilitamani niitoe ile kofia niitupe.

Mama mkwe alielewa kabla yangu.

"Hiyo taa," alisema polepole, "ni kama jua kwa ile miti yetu."

"Ndiyo, Mama. Mwangaza yenye inakatika katika inaweza kumuita."

Alikaa chini sakafuni. "Basi mimi njo nilikuwa namupeleka. Kila asubuhi." Akamfungua mtoto mgongoni akaniwekea mapajani, na kofia ya nyaya bado i kichwani mwangu. Nililia, naye alilia, na hasira yangu yote ikaniishia pale.

Sasa ninakunywa dawa, na mtoto ninambeba mwenyewe. Shida ni moja: siwezi kujua kama nimepona. Kuondoka kwangu hakuniachii alama yoyote, wanaoona ni wengine. Kwa hiyo kila jioni ninamuuliza mama mkwe, "Leo niliendaka?" Naye hujibu mara moja, "Hapana, ulikuwa hapa."

Juzi nilimuuliza nikiwa nimekaa karibu na moto na mtoto mikononi. Alikawia. Alinitazama machoni kwa muda.

"Hapana, mutoto yangu," alisema, kisha akanyoosha mikono ampokee mtoto.

Nilimpa.