Siku Jaji Alipokataa Kuutazama Ukuta

Kukaa kitini kulimshinda tangu utotoni. Mama yake alisema kazaliwa na siafu miguuni. Mafundi wenzake wa ujenzi, walipomwona akilizunguka jengo zima kabla ya kuweka tofali la kwanza, wakampachika jina la Kiguu-na-Njia, naye hakukasirika. Alianza kwa kubeba maji ya kukorogea saruji, akashika mwiko, mwishowe akawa msimamizi wa mafundi. Mwenye nyumba akigombana na mjenzi, badala ya kwenda mahakamani kuotea mvi, walimchagua yeye awaamulie. Walipeana mikono mbele yake, naye akawasikiliza wote wawili huku akiizunguka meza.

Enzi hizo sheria ya usuluhishi ilikuwa kuukuu na legelege. Uliyemchagua mwamuzi ungeweza kumkataa saa yoyote kabla hajatoa uamuzi. Siku moja fundi wa mabati aliona mambo yanamwendea kombo, akavaa kofia katikati ya kikao.

"Dada, nimebadili mawazo."

"Si ulimpa mwenzako mkono?"

"Mkono ni wangu. Nimeurudisha."

Akaenda zake, na hapakuwa na wa kumzuia.

Baadaye sheria ikabadilishwa: ukishatia saini ya kumkubali mwamuzi, umefungwa, huruki. Kiguu-na-Njia akashangilia, lakini furaha yake haikudumu. Aliyeshindwa alikimbilia mahakamani, na jaji akawa na ruhusa ya kuifumua kesi yote na kuanza upya. Uamuzi wake kuhusu paa la ghala fulani ulikaa huko miaka na miaka, mpaka paa lenyewe likaanguka.

"Sasa wanagombania hewa," alimwambia mumewe jioni hiyo, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa kukaa kutwa nzima na kioo jichoni. "Na wewe ukikosea, mke wangu, nani akurekebishe?"

"Nikosee nini? Ukuta hausemi uongo."

Ikaundwa kamati ya kutunga sheria mpya, na wenye uzoefu wakaitwa kutoa maoni. Mwenyekiti, wakili mmoja mwenye sauti ya upole, aliwasimulia jambo hilo lilikotoka. Wafanyabiashara wa kale, alisema, waliamuana wenyewe kwa wenyewe bandarini na masokoni, mahakama zikiwa hazina habari nao. Mahakama zilipozinduka, ziliwatazama waamuzi kama mama mkwe asiyeamini upishi wa mkwewe: kila chungu lazima akifunue. Ilichukua vizazi kumtoa jikoni. Kisha mataifa yakakubaliana kuheshimu maamuzi ya usuluhishi yaliyotolewa nchi za wenzao, na ikaandikwa sheria ya mfano, anayetaka aige.

Kiguu-na-Njia, ambaye muda wote alikuwa amesimama ukutani, akanyoosha mkono. "Andikeni kwamba uamuzi ni wa mwisho. Jaji aulize tu kama mwamuzi alihongwa, kama alisikiliza pande zote mbili, na kama alijibu alichoulizwa. Mengine amwachie yule waliyemchagua."

Watu wakapiga makofi. Sheria ilipopita, ilikuwa karibu na maneno yake.

Haukupita muda, akaletewa mgogoro wa duka la mikate. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka tangu darini hadi sakafuni. Mwoka mikate, mama mjane aliyeliendesha duka peke yake, alidai msingi ulichimbwa kijuujuu. Mkandarasi, kijana mwenye maneno mengi, alidai mama aliingiza oveni nzito kuliko ile waliyokubaliana. Kiguu-na-Njia alitundika timazi kuona kama ukuta umesimama wima, akachimba kwenye pembe moja ya ukuta, akaukuta msingi mzuri. Pembe ya pili ilikuwa chini ya oveni yenyewe, haikufikika. Mwoka mikate na mkandarasi wote wakakubali aendelee hivyo hivyo. Akaamua kwamba kosa ni la oveni.

Mwoka mikate akaenda mahakamani na picha za ule ufa. Kiguu-na-Njia akakaa kiti cha nyuma, kwenye ncha. Jaji hakuzigusa zile picha.

"Mama, mwamuzi mlimchagua wenyewe. Rushwa sioni, na nyote mlisikilizwa. Kama ukuta umepasuliwa na oveni au na msingi, hilo si la mahakama hii."

Ni yale yale aliyoyaomba. Angepaswa kutoka pale kifua mbele. Badala yake alibaki kitini hata watu walipoinuka. Siku zote, juu yake alikuwapo jaji wa kulaumiwa na wa kumsahihisha. Sasa akitazama juu, haoni mtu.

Tangu hapo akawa anapita dukani kila asubuhi. Alinunua mikate wasiyoimaliza nyumbani, hata mumewe akamwuliza kama wanafungua duka lao. Siku moja mwoka mikate akamshika na swali.

"Dada yangu, umefuata mkate au ukuta?"

"Ukuta."

"Kwani unadhani ulikosea?"

"Sijui. Hapo ndipo panaponila."

Mwoka mikate akafunga mkate mwingine kwenye karatasi.

Kiguu-na-Njia akamfuata mkandarasi kwenye jengo lake jipya. "Mwanangu, mkikubaliana wewe na yule mama, hakuna sheria ya kuwazuia kulitazama upya. Tuivute oveni, tuchimbe ile pembe ya pili."

Kijana akacheka. "Shangazi, si ndiye wewe uliyetaka mwisho uwe mwisho? Nimeshinda kihalali. Nikachimbe kaburi langu mwenyewe?"

Hakumwonea hasira. Kijana alikuwa na haki yake.

Kisha barabara ikapanuliwa, na safu yote ya maduka ikatakiwa kubomolewa. Aliposikia mtambo umefika, aliacha chai mezani. Alimkuta mwoka mikate ng'ambo ya barabara na mabati yake ya kuokea. Mtambo ukauzoa ukuta, pembe, msingi na udongo wake kwa mkupuo mmoja. Akaruka kamba ya kuzuia watu, akipunga mikono.

"Wewe mama, toka hapo! Unataka kufa?" dereva alipiga kelele.

Alikuwa ameshapiga magoti kwenye kifusi, akigeuzageuza vipande vya zege. Kipi kilitoka pembe ipi, hakuna aliyeweza kusema.

"Umeona nini?" mwoka mikate akamwuliza aliporudi na vumbi hadi kwenye kope.

"Vifusi."

"Basi tuyaache, dada. Mimi nimeshapata chumba mtaa wa pili."

"Wewe unaweza kuyaacha."

Mwezi huo akawaambia wajenzi kwamba mgogoro mzito hatauamua peke yake tena. Kila upande umchague mtu wake, nao hao wawili wamtafute wa tatu. Walinung'unika kwamba ni usumbufu mtupu: mmoja tu kumpata ni kazi, seuze watatu? Akashikilia.

Kikao cha kwanza cha watatu kilihusu tangi la maji lililovuja. Aliketi na mhandisi mmoja na fundi bomba, mzee mkavu asiyecheka. Kiguu-na-Njia akasema kosa ni la mjenzi. Fundi bomba akatikisa kichwa.

"Sikubaliani na wewe."

"Kwa nini?"

Mzee akaeleza, taratibu, kwa vidole vyake vilivyopinda. Alipomaliza, Kiguu-na-Njia alikuwa ameshafika mlangoni. "Twendeni tukalitazame tena," alisema, na wenzake wakainuka wakamfuata nje.