Majibu Yasiyopita Kwenye Foni

Miguu yangu haijawahi kukaa mahali pamoja. Nimechaji simu za wachimbaji kwa jua la Omate, nimetengeneza redio Nyabiondo, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa foni katika vituo vya afya vya Walikale. Foni ni redio ya kupigiana. Ukisema neno, vituo vyote vya msituni na vya milimani vinakusikia, na chini ya kila dirisha la kituo kuna watu wanaongoja zamu yao. Tulitaja wagonjwa kwa majina na magonjwa kwa majina. Kabla ya jioni soko zima lilikuwa linajua.

Ndiyo sababu nilielewa mama muuguzi wa Omate aliponiambia kwamba mwanamke mmoja amekataa kutolewa damu mpaka aahidiwe kuwa majibu hayatapita kwenye foni. Tulimwahidi. Damu ikapelekwa kwa pikipiki hadi maabara ya Nyabiondo, na majibu yangerudi kwa njia yangu: kompyuta moja, antena juu ya bati, na programu niliyoiandika mimi mwenyewe, mtu wa sekondari tu, inayofunga kila ujumbe kwa ufunguo hata anayedukiza asione kitu. Kompyuta hiyo ilishika mawasiliano ya vituo kadhaa kwa pamoja. Ilipaswa kukiuliza kila kituo kama kina neno, na kama hakina, iende kwa kingine bila kusimama.

Siku ya majibu mwanamke alikaa kwenye benchi la nje, kitenge kimempanda mpaka kidevuni. Ndani, kioo cha kompyuta kiliandika: imekatika, naanza upya. Kisha tena vilevile.

Mama muuguzi aliinama begani kwangu. «Kaka, mashini yako iko inabisha hodi na kukimbia, sawa watoto.»

«Iko inasalimia, Mama. Inabadilishana funguo na ile ya Nyabiondo.»

«Tangu asubuhi? Hata baba-mukwe hatumusalimie vile.» Alicheka kidogo, halafu akapunguza sauti. «Huyu mama akienda, hatarudia tena hapa. Na wakubwa wamesema leo ikishindwa, turudie foni.»

Foni yenyewe ilikuwa ukutani, imening'inia, inakoroma.

Nilitazama na nikatambua mkono wangu mwenyewe. Niliandika programu ile kwa akili ya foni. Kwenye foni, mwenzako akinyamaza ujue ameenda kula ugali wake, basi unamwita tena tangu mwanzo. Sisi wote wa foni tuna tabia hiyo. Lakini mashine mbili zinazofungiana siri husalimiana kwa zamu nyingi, na rezo yetu, yaani mtandao, ni ya polepole. Kila mashine ya Nyabiondo ilipojibu «bado», programu yangu ilisikia «amekufa». Ikakata, ikaanza salamu upya, na salamu haikufika mwisho hata mara moja.

Hapo nikamkumbuka baba yangu. Alikuwa mchukuzi wa maziwa huko Bihambwe, akizunguka kutoka zizi moja hadi jingine na mapipa yake kabla jua halijawa kali. Hakuwahi kusimama langoni kungoja. Aliita, akatazama ndama. Ndama akiwa amefungwa kando, wanakamua bado, basi baba alipita, atarudi. Zizi likiwa tupu na lango limewekewa miti, wamehamia malisho mengine. Na kulikuwa na nyumba ambazo ungefika kuchukua maziwa usipewe hata tone mpaka urudishe kwanza kibuyu kitupu cha jana. Umekuja kupokea, lakini zamu ni yako ya kutoa.

Nikafungua programu na kufuta mstari uliokata. Mahali pake nikaandika swali: je, unangoja kusikia, unangoja kusema, ama kweli umeondoka? Anayengoja kusikia, apitiwe baadaye. Anayengoja kusema, apewe kibuyu chake kwanza, hata kama sisi tulikuja kusikiliza. Akatwe yule tu aliyeondoka.

Nikaiwasha. Salamu ikaenda, ikangoja, ikarudi, ikaenda. Kioo kikaandika: imeunganika, njia ni salama.

«Njo hii?» akauliza mama muuguzi, akitaka kujua kama ndiyo yenyewe.

«Njo hii.»

Kisha majibu hayakuonekana. Maabara walikuwa wamekwisha kutuma. Mwendesha pikipiki aliyetoka huko asubuhi alisema alimwona mtu wa maabara akibonyeza, kwa hiyo ujumbe ulikuwa unangoja njia tu. Nje, mwanamke alisimama na kukung'uta vumbi kwenye kitenge. Mama muuguzi alikitazama kile kipaza sauti cha foni ukutani, kisha akanitazama mimi.

«Mama, nipe kidogo,» nikamwambia.

Kulikuwa na ndama wa namna nyingine. Baba akifika akamkuta ndama amefunguliwa, ananyonya mabaki kwa mama yake, na langoni kimya, hakupita. Alijua wamemaliza kukamua, maziwa yako ndani ya nyumba chini ya kifuniko. Aliingia na kuita ndani. Programu yangu ilikuwa inatazama lango tu. Ujumbe ulikuwa umekwisha kuingia, umefunguliwa kwa ufunguo, umekaa ndani, na hakuna aliyeuulizia humo. Nikaongeza swali moja: kabla ya kupita, uliza kama kuna kilichobaki ndani.

Majibu yakatokea.

Nilimgeuzia mama muuguzi kioo bila kusoma, nikatoka kwenda kukagua waya wa antena ambao haukuwa na kasoro yoyote. Nilipopita nilimwambia yule mwanamke, «Mama, ingia, anakuita.» Akaingia, mlango ukafungwa.

Nimehama mara nyingi tangu hapo, lakini kila nikipita njia ile ninauliza, na ninaambiwa mashine bado inafanya kazi, vituo vingine vimeiomba. Yule mwanamke nilimwona baadaye sokoni Omate akibishania bei ya ndizi, na muuzaji anamtania, «Dada, weye unapenda kuniua na njaa.» Hakuna aliyegeuza shingo kumtazama. Majibu yake siyajui mpaka leo. Soko zima nalo halijui, na hilo nimelifanya mimi.