Kichomeo Kilichobaki Kisumu

Nyanya yangu alikuwa akipika akiwa ameketi. Tunamwita Dani, kama nyanya wote wa upande wetu wa ziwa. Kigoda chake kilikuwa kifupi mno, magoti yakikaribia kidevu, na jiko lake lilikuwa mawe matatu kwenye kibanda kisicho na dirisha. Moshi wote ulipita usoni mwake kabla ya kuutafuta mlango.

Nilipopata kibarua changu cha kwanza baada ya chuo, nilimpelekea mtungi wa gesi wa kilo sita, ule ambao kichomeo chake hufungwa juu. Hadi siku hiyo sikuwa nimefikiria kigoda. Alipoketi, sufuria ilikuwa sawa na kifua chake. Alisonga ugali mikono ikiwa juu kama mtoto kwenye meza ya wakubwa, na mtungi ukayumba.

"Huyu anataka kucheza," akasema akicheka. "Basi nitapikia chai na mboga. Ugali nitausonga kwenye mawe."

Lilikuwa jambo la busara. Mimi sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba gesi ni nzito kuliko hewa, kwamba ikivuja huteremka na kulala sakafuni. Na Dani alikuwa anakaa wapi? Sakafuni. Nilipaka povu la sabuni kwenye vali mara nne. Halikutoa hata kiputo kimoja, nami nikajiuliza kama sabuni yenyewe ilikuwa nzuri.

Asubuhi ya kurudi Kisumu nilikifungua kichomeo, nikakitia kwenye begi.

"Nitakuja na fremu ya kuushika mtungi na kigoda kirefu, tena nitoboe matundu chini ya ukuta. Mpaka hapo, usiwashe."

"Nyakwara, mjukuu wangu, nimewasha moto kabla mama yako hajazaliwa."

"Huu si moto ule, Dani."

Alinitazama nikifunga zipu.

Huko Kisumu nilichora fremu. Miguu ikiwa mipana, Dani angejikwaa. Ikiwa myembamba, sufuria ingeanguka. Matundu ya ukutani yangepitisha nyoka. Nilipeleka mchoro wa tano kwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Kondele. Akaugeuza juu chini.

"Bwana, hii ni ya sufuria ama ni ya tangi la maji?"

Nilichukua karatasi yangu nikaenda kuirekebisha. Kichomeo kilikaa chini ya kitanda changu, kwenye begi lile lile, mwezi baada ya mwezi. Nilipopiga simu nilimsikia Dani akikohoa, akisema ni vumbi tu.

Mtungi wenyewe aliuweka sebuleni, akaufunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kama vile vya kwenye viti. Jirani yetu alikuwa akimtania kila akipita.

"Mama, mgeni wako bado hajapewa kazi?"

"Anangoja kichwa chake. Kichwa kiko Kisumu, kinasoma."

Nilisimuliwa hayo, nikacheka. Najuta kicheko kile pia.

Masika yakaja, kuni zikalowa, na moshi ukawa mzito zaidi. Siku moja Dani alishindwa kutembea kutoka jikoni hadi mlangoni mwa nyumba. Hospitalini daktari alisikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, kisha akasema mapafu yamechoka, asikaribie moshi tena. Akanigeukia.

"Nyumbani hakuna gesi?"

Dani ndiye aliyejibu, akivuta pumzi katikati ya maneno.

"Ipo, daktari. Mjukuu wangu alininunulia."

Alisema kwa fahari. Hakuongeza neno. Mpaka leo natamani angeongeza.

Fundi aliitengeneza fremu kwa alasiri moja, bila mchoro. Kigoda kirefu nilikikuta tayari sokoni. Matundu niliyatoboa kabla ya chai ya asubuhi. Kazi ya miezi yote ile haikumaliza siku mbili.

Tulipowasha, Dani aliinama kuutazama moto wa buluu, akauliza kama kweli unawaka, maana hausikiki. Maji yakachemka, nikamwaga unga. Akachukua mwiko akiwa juu ya kigoda chake kipya. Mtungi haukuyumba hata kidogo. Alizungusha mara tatu, akasimama, kiganja kifuani. Akangoja pumzi irudi. Ilirudi kidogo tu.

Alinipa mwiko, akahamia kile kigoda kifupi karibu na mlango. Nami nikaketi pale nilipomtengenezea yeye.

Nilianza kusonga. Nilipunguza moto, nikauongeza, nikaupunguza tena. Dani alinivumilia kwa muda.

"Zamisha mwiko," akasema hatimaye. "Unausonga kama mtu anayeomba ruhusa."