Nilimfundisha Kuzima Injini Mteremkoni

Kosa ni langu. Wacha niliseme sasa, maana nimelizunguka vya kutosha.

Leo asubuhi nilitoka kwangu Kaplong bila mpango wowote. Lori langu nililiacha limejaa kabeji za watu. Nilivaa koti, nikaenda barabarani, nikapanda gari la kwanza lililosimama. Kondakta aliniuliza, "Unashuka wapi?" Nikamwambia, "Mwisho."

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliacha darasa la saba, lakini sipumziki mpaka nijue kitu kinafanyaje kazi. Nimechuma chai, nimechimba visima, nimefuga nyuki. Mwishowe nikanunua lori kuukuu la kupeleka mboga kwenye supamaketi za Kericho. Wenye malori wenzangu waliniita Profesa kwa sababu ya maswali yangu.

Kazi yetu inanyonga. Unalipwa kwa safari, malipo yale yale, dizeli ipande isipande. Tairi likipasuka ni lako. Kabeji zikikataliwa mlangoni, ni zako. Pa kubana ni kwenye dizeli tu. Kwa hiyo wengi huteremka frii, yaani gia imetolewa na gari linajiendea. Mimi nilienda mbali zaidi. Nikawa nazima injini kabisa.

Rafiki yangu Kibet alikuwa amenunua lori lake kwa kuuza ng'ombe wa maziwa wa mkewe. Akanijia amekonda. "Profesa, wewe unakula. Sisi wengine tunalisha gari tu. Siri yako ni nini?"

Nikamwonyesha. Mungu wangu, nilimwonyesha! Tulifika juu ya mteremko wa mashamba ya chai, nikazungusha ufunguo. Kimya. Ukasikia matairi tu. Kibet akacheka kama mtoto. "Aki wewe! Gari inakunywa hewa!"

Jambo moja sikumwambia. Breki za malori yetu husaidiwa na injini. Ukiizima, unakanyaga mara chache tu, kisha pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Nilijua, maana iliwahi kunitokea, nikaokolewa na tuta la udongo. Niliona haya kusema. Profesa mzima!

Jana Kibet aliteremka na viazi, mvua ikinyesha. Kona ilimshinda. Lori likaingia kwenye chai likalala ubavu. Mpaka sasa yuko hospitalini, hajafungua macho.

Nilikuwa nyuma yake. Watu walipokuwa wakimvuta nje, niliona ufunguo. Ulikuwa umezimwa. Mkono wangu ukaingia, ukauzungusha, ukaurudisha kama vile injini ilikuwa ikifanya kazi. Hakuna aliyeniona. Nilifanya hivyo ili mtu asiulize alifundishwa na nani.

Basi wakauliza swali lingine. "Nani alifunga breki?"

Breki zilifungwa na fundi Njoroge juzijuzi tu. Baba yake alihamia huku kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, na fundi mwenyewe anaongea Kipsigis, lugha yetu, vizuri kuliko watoto wangu. Lakini jana jioni watu hawakuwa wakiuliza tena alifungaje breki. Walikuwa wakiuliza alitoka wapi. Sisi wa huku tunajua swali hilo likishaanza huelekea wapi: nyumba huchomwa.

Nami nikatoroka!

Nimeshuka Kipkelion, karibu na reli. Nimepata chumba nyuma ya buchari. Mama mwenye nyumba ameniuliza, "Mgeni, umetoka upande gani?"

"Kericho," nikadanganya.

"Afadhali. Nasikia huko Kaplong si kuzuri. Kuna fundi ameua mtu."

"Hajafa!" nikasema kwa haraka.

Akaenda kuniletea shuka.

Kabla hajarudi, simu ikalia. Fundi.

"Kijana yangu, uko wapi? Watu wamejaa kwa geti ya gereji. Hawasemi kitu. Wamesimama tu. Wewe wanakusikia, Profesa. Kuja uwaambie vile nilifunga hizo breki. Si ulikuwa hapo ukinimaliza na maswali?"

Nikamwambia simsikii vizuri. Nikakata.

Ndugu zangu wenye malori, msizime injini mteremkoni, hata kama safari inakula malipo yote. Na ukimfundisha mtu ujanja, mwambie pia siku ujanja huo ulipokaribia kukuua. Aibu ya kuchekwa ingekwisha kwa wiki moja. Hii yangu sijui itaishia kwa nani.

Mnaochapisha ukurasa huu wa wenye malori, ficheni jina langu, lakini maneno myaache yalivyo. Walio Kaplong watanijua, na wanijue. Kama uko karibu, tafadhali nenda kwa geti ya gereji uwasomee hii kwa sauti. Breki zilikuwa nzima. Ufunguo niliuzungusha mimi.

Mama amerudi na shuka. "Unalala siku ngapi?"

"Gari la kurudi Kaplong liko saa ngapi?"

"La mwisho si ndilo hilo limeondoka ukiwa kwa simu?" Amenitandikia kitanda, akaniachia ufunguo wa chumba juu ya mto.

Nimempigia fundi. Inaita, haishikwi. Nimepiga tena.

Sasa haiiti.