Nyanya za Fundi Saa Zisizooza

Mama Sabuni ndiye aliyeanza kusema kwamba Fundi Saa anazipulizia nyanya zake dawa ya kuhifadhia maiti. Alilisema hilo Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya maji, kwa sauti ile ile anayotangazia kwamba sabuni za vipande zimebaki tatu.

"Mimi simsemi mtu," alianza, na foleni nzima ikasogea, maana wanamjua. "Kopo lake nimeliona kwa macho yangu haya. Kaliacha wazi dirishani. Juzi lilikuwa na unga mweupe, leo lina maji. Hakuna aliyetia maji, na mvua haijanyesha. Dawa inalia yenyewe. Haya, niambieni, dawa ya nyanya inalia?"

Hakuna aliyejua dawa ya nyanya hufanya nini ikiwa peke yake.

"Na nani hapa amewahi kuiona nyanya ya Fundi Saa ikioza? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Wengine walikuwa wameshika ndoo, lakini hata wasingekuwa wameshika wasingenyoosha.

Mpangaji wa chumba cha nne alikuwa amechutama pembeni anasuuza nepi. Walimwita Mama Mtoto kwa kuwa ndiye pekee mwenye mtoto mchanga katika nyumba ile ya vyumba sita. Mkono wake ulisimama ndani ya beseni. Dirishani kwake kulikuwa na nyanya mbili za Fundi Saa, siku ya kumi na nane hiyo, bado ngumu. Zilikuwa tatu. Ya tatu alimpondea mtoto jana. Alimsikia mtoto akipumua mgongoni, akahesabu pumzi, akaona ziko sawa, akahesabu tena.

Alianika nepi, kisha akaenda moja kwa moja kwa Fundi Saa, mpangaji mwenzake.

Huyu Fundi Saa alikaa miaka thelathini kwenye kibanda cha kioo mbele ya duka la viatu, akitengeneza saa. Simu zilipoanza kuonyesha saa, wateja wakapungua mmoja mmoja. Hakulalamika. Alikaa kibandani miaka mingine minne, akizitia ufunguo saa za watu ambao hawakurudi kuzichukua, ili zisijione zimetupwa. Mwishowe mkuu wa shule ya bweni iliyo nyuma ya nyumba akaja na saa ya marehemu babake, iliyowashinda mafundi wote. Fundi Saa akaiponya. Mkuu, kwa furaha, akamwazima kipande cha ardhi kando ya uzio wa shule, kwa sharti moja tu: alime cha kulisha jiko la wanafunzi. Siku jiko likikataa mazao yake, kiwanja kinarudi.

Akapanda nyanya. Msimu wa kwanza zilizaa sana, kisha zikaanza kuoza vitako zikiwa bado mbichi. Doa jeusi limebonyea chini ya tunda, kana kwamba mtu kazimia sigara pale. Bwana shamba alikuja akatazama, akasema tunda halipati kalsiamu ya kutosha, akamwachia unga mweupe wa kuchanganya na maji na kupulizia.

Fundi Saa akafanya kama alivyozoea. Kila nyanya iliyougua aliifunga uzi wenye kikaratasi cha namba, akaiandika kwenye daftari, akaipulizia, akaisubiri ipone. "Namba kumi na saba," aliandika, "hali ile ile." Alifika namba mia moja na arobaini. Bwana shamba aliporudi na kukuta shamba limening'inia vikaratasi, alishika kiuno kwa muda mrefu.

"Mzee, hizi hazitengenezeki. Dawa ni ya zile ambazo hazijaugua."

Fundi Saa alivifungua vikaratasi kimoja kimoja. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumletea saa nzima.

Msimu wa pili akapulizia nzima, lakini akapulizia majani. Majani yalinawiri. Vitako vikaoza. Ndipo akaambiwa kwamba kalsiamu haihami; ikitua kwenye jani inabaki kwenye jani, haiteremki kwenda kulisaidia tunda. Tangu hapo kila Alhamisi, jua halijawa kali, alifunua majani moja moja na kulilowesha tunda lenyewe likiwa changa, ukubwa wa gololi. Maji ya mizizi nayo akayapima kwa kopo, kiasi kile kile kila jioni, maana leo kiu na kesho mafuriko nako huozesha. Nyanya zake zikawa na nyama iliyoshikana na ngozi isiyopasuka. Jiko la shule halina friji. Nyanya za watu wengine zikikaa siku nne kwenye kreti zinakuwa mchuzi kabla ya kufika sufuriani. Zake zilikaa wiki mbili na zaidi zikimtazama mpishi tu, na kila mavuno alipanga chache dirishani kwake ahesabu siku.

Haya yote Mama Mtoto aliyaona kidogo kidogo, kwa sababu kivuli cha uzio ule ndicho alichokuwa akinyonyeshea. Hapakuwa na mahali pengine penye kivuli bila maneno. Alichokuwa hajakiuliza ni jina la ule unga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii dawa unayopulizia ni nini?"

"Gramu themanini kwa lita ishirini."

"Sijauliza ni kiasi gani. Nimeuliza ni nini. Nimempa mtoto."

Fundi Saa alimtazama mtoto, kisha akaingia ndani na kutoka na karatasi ya bwana shamba iliyokunjwa mara nne. Mama Mtoto aliishia darasa la saba, lakini alichosomeshwa hakijamtoka. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mtoto akinyoosha mkono kutaka kuila karatasi.

"Kalsiamu," alisema. "Si ndiyo vile vidonge nilivyopewa kliniki nikiwa na mimba? Nesi alisema ni vya mifupa ya mtoto."

"Sijawahi kuwa na mimba," Fundi Saa alijibu.

"Ndivyo vyenyewe." Bega lake moja lilishuka. "Basi mbona nyanya zako hakuna aliyewahi kuziona zikioza?"

Fundi Saa alimfungulia mlango wa chumbani. Kisha akainama chini ya meza yake ya zamani ya kazi, akavuta beseni lililofunikwa gunia. Harufu ikatangulia. Ndani mlikuwa na nyanya zilizolegea na zilizoota ukungu, kila moja na uzi wake na tarehe yake.

"Ikianza tu kulegea naitoa dirishani," alisema. "Fundi haweki kazi iliyoharibika mbele ya wateja."

Mama Mtoto alifunika gunia, akaziba pua ya mtoto kwa vidole viwili, akaaga.

Jumatano Mpishi wa shule alikuja hadi kwenye uzio, mikono mfukoni, kama mtu aliyetumwa asichokipenda.

"Mzee, wazazi wameanza kupiga simu. Wanasema tunawalisha watoto dawa ya mochwari. Jumamosi nakuja na matroni. Tukiridhika, tunaendelea. Tusiporidhika, mkuu kasema kiwanja apewe yule bwana wa kuku anayekililia."

"Ni gramu themanini kwa—"

"Hizo gramu, mzee, ndizo zinazowatisha."

Jumamosi Fundi Saa alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Kreti nane za nyanya zilikuwa zimepangwa kwenye kivuli. Mpishi alikuja na matroni, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. Mama Sabuni naye alikuja, hakualikwa, na nyuma yake nusu ya foleni ya maji.

"Haya, mzee," matroni alisema kwa upole. "Tueleze unafanya nini hapa."

Fundi Saa alifungua daftari. Akasoma uzito wa unga, ujazo wa maji, idadi ya mistari, siku tangu ua kuanguka, wastani wa siku dirishani. Alisoma vizuri, bila kukosea. Kila namba iliyotoka, Mpishi alirudi nyuma nusu hatua, na Fundi alipofika ukurasa wa tatu, Mpishi alikuwa ameegemea uzio.

"Kwa nini anajifunga kitambaa usoni akipulizia?" Mama Sabuni aliuliza hewani. "Kama ni salama, kitambaa cha nini?"

"Asilimia sifuri nukta nne," Fundi Saa alisema, jasho likimtoka.

"Mimi naona hivi, tusisumbuane," Mama Sabuni alisema, akimwonyesha Mama Mtoto kwa kidevu. "Mtoto wa huyu yuko hapa. Ampe nyanya moja ale, sisi tukae tuone."

Mikono ya Mama Mtoto ilikwenda mgongoni yenyewe, ikamshika mtoto.

Fundi Saa alifunga daftari. "Mtoto si mizani," alisema.

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza siku hiyo isiyo na namba, na haikusaidia kitu. Matroni alivua miwani na kumtazama Mpishi kwa jicho la kuomba waondoke. Mama Mtoto aliliona jicho lile. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Hata kwenye mkutano wa wapangaji hukaa karibu na mlango. Lakini aliondoka, akaenda chumbani kwa Fundi Saa, akarudi amebeba beseni, akaliweka mbele ya miguu ya matroni, akafunua gunia.

Foleni ya maji ikaziba pua kwa pamoja. Fundi Saa aliinamisha kichwa kama mtu aliyevuliwa shati.

Matroni aliinama. "Hizi zimeoza," alisema.

"Zimeoza," Mama Mtoto aliitikia.

"Zimeoza kabisa," Mpishi alisema, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Hii hapa ina ukungu. Na hii ina mdudu."

"Maiti ya dawa haioti ukungu, dada. Anazificha kwa kuona haya, ndiyo maana hamjaziona." Mama Mtoto alimpandisha mtoto mgongoni. "Dawa yenyewe ni kalsiamu. Ukiwa na mimba kliniki wanakupa vidonge vyake, mimi nilivimeza vyote. Nyanya nayo inaitaka, tunda lishikane. Ila kalsiamu inapanda na maji, na majani ndiyo yanakunywa kwanza, kama baba mwenye nyumba. Tunda ndiye mtoto wa mwisho, anakuta sufuria imeshakwanguliwa. Basi mzee anampelekea chake mkononi. Hakuna zaidi."

"Na kopo kulia?" Mama Sabuni hakuwa amekubali.

"Ule unga ni jamii ya chumvi. Chumvi yako ukiiacha wazi siku za unyevu si inalowa? Huu, karatasi ya bwana shamba inasema, unavuta maji ya hewani kuliko chumvi. Na kitambaa ni kwa kuwa inawasha, kama chumvi ikikuingia jichoni. Mkizichukua mzioshe kama mnavyoosha nyanya yoyote."

Matroni alikuwa akitabasamu, pengine kwa ajili ya baba mwenye nyumba. Mpishi alichukua nyanya kwenye kreti, akaifuta kwa shati, akaing'ata. Ilikuwa ngumu kiasi kwamba wote waliisikia. Alitafuna bila haraka, akatafuna nyingine.

"Zote nane zije Jumatatu," alisema. "Mkuu nitamwambia amtafutie bwana wa kuku mahali pengine. Lakini mzee, Alhamisi nawaleta wazazi wawili waone kwa macho yao. Wakiuliza kitu, nakuomba usijibu wewe."

"Mimi nilisema tangu mwanzo," Mama Sabuni alisema akiondoka na watu wake, "kopo lile lilikuwa linataka mfuniko tu."

Walibaki wawili na mtoto, na beseni katikati. Fundi Saa alilifunika, akalifunua, akaliacha wazi. Alipanga daftari juu ya kreti, akalinyoosha likae sambamba na ubao. Ilionekana anatafuta namba na hazipati.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "Alhamisi uje ubebe pampu wewe, upulizie, uwaeleze. Mtoto nipe mimi. Nitakaa naye kule kivulini, mbali na dawa, mpaka umalize kusema."